Picha za kubuni nyumbani kwa vitu vya kawaida: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu anayeishi Kisumu, Nakuru, Kakamega, Busia au popote magharibi mwa Kenya, mwenye simu ya kawaida na nyumba yenye vitu vya kawaida: sufuria, leso, unga, karatasi, tochi. Picha za kubuni ni zile ambazo sinia inageuka ziwa, matone ya mafuta yanageuka sayari, au mtoto anachungulia kutoka ndani ya kikombe. Jambo moja litajirudia hapa chini: mtazamaji huamini picha kwa sababu ya mahali kamera ilipokaa na upande mwanga ulikotoka. Kitu kinachopigwa picha huja baada ya hayo mawili.

Je, ni lazima niwe na kamera kubwa?

Hapana. Kwa baadhi ya picha hizi simu ni bora zaidi, kwa sababu lenzi yake ndogo huonyesha vya karibu na vya mbali vyote vikiwa wazi. Unachohitaji ni mambo matatu ndani ya simu: kipima muda cha sekunde 3 au 10, uwezo wa kufunga fokasi (mahali kamera inapoona wazi zaidi) na mwangaza (kwenye simu nyingi unabonyeza skrini mahali unapotaka na kushikilia mpaka alama ya kufuli itokee), na ukibahatika, sehemu ya kupanga kwa mkono ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na kasi ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga).

Tripodi si lazima pia. Shona mfuko wa kitambaa, utie kilo moja ya maharagwe, ufunge. Simu ikilala juu yake haisogei, na unaweza kuielekeza juu au chini kidogo kwa kuusukuma mfuko. Pakiti mbili za unga za kilo 2 nazo huishika simu wima ukiibana katikati. Kabla ya yote futa lenzi kwa kitambaa laini cha pamba. Mafuta ya vidole huleta ukungu mweupe kuzunguka kila taa, na watu wengi hudhani simu yao imechakaa.

Siku hizi kompyuta zinachora kila kitu. Kuna haja gani ya kuhangaika na unga na karatasi?

Kwa sababu mwanga halisi juu ya kitu halisi una ukweli ambao jicho huutambua, na kwa sababu mtoto anayesaidia kujenga msitu wa dania hujifunza vivuli, umbali na vipimo kwa mikono yake.

Kazi hii pia ina ukoo mrefu. Mwaka 1917 huko Cottingley, Uingereza, Elsie Wright na binamu yake Frances Griffiths walikata viumbe vya karatasi, wakavisimamisha kwa pini za kofia, wakapiga picha zilizowafanya watu wazima wenye elimu kubishana kwa miaka mingi kama viumbe hao ni wa kweli. Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako, Mali, alitumia shuka lake la kitandani kama pazia la nyuma ya wateja. Hapa kwetu, Omar Said Bakor wa Lamu alikata na kuunganisha picha studioni mwake, watu wakajikuta katika mandhari ambayo hayapo popote duniani. Hakuna kati yao aliyekuwa na kompyuta.

Nianze na picha ipi?

Anza na kundi la omena. Ni rahisi, na vifaa vyote viko sokoni. Unahitaji kikombe kimoja cha omena waliokauka vizuri, leso au kitambaa cha buluu kisicho na maandishi, kipande cha katoni, mkasi na taa moja au dirisha.

Tandaza kitambaa sakafuni karibu na dirisha na ukikunjekunje kidogo, mikunjo yote ielekee upande mmoja kama mawimbi. Chagua omena 40 hivi ambao hawajavunjika vichwa wala mikia. Wapange wakielekea upande mmoja, wakisongamana katikati na kutawanyika pembeni, kisha geuza watatu au wanne waende kinyume kidogo. Bila hao waasi kundi linaonekana limepangwa dukani. Sasa kata umbo la mbuta kwenye katoni, urefu wa sentimita 25, ulishike kati ya taa na kitambaa ili kivuli chake kipite juu ya omena. Mbuta mwenyewe haonekani kwenye picha, ni kivuli tu, na hapo ndipo hadithi inapoanza, maana kila mtu wa ziwani anajua mbuta hula omena.

Piga kutoka juu, simu ikiwa sambamba na sakafu. Mwanga uje kutoka ubavuni, chini chini. Ukija kutoka juu, ule mng'ao wa fedha kwenye ngozi ya omena hupotea na unabaki na rangi ya majivu. Kivuli cha mbuta kikiwa na kingo zilizofifia sana, taa yako ni pana mno au katoni iko mbali na kitambaa: tumia tochi ya simu nyingine na uishushe katoni.

Nimejenga mandhari madogo mazuri, lakini pichani yanaonekana kama vitu vidogo mezani. Tatizo liko wapi?

Mara nyingi ni mambo matatu kwa pamoja, na hili ndilo swali muhimu kuliko yote.

La kwanza ni urefu wa kamera. Mtu aliyesimama huitazama meza kutoka juu, kwa hiyo picha ya kutoka juu husema "meza". Ishushe simu mpaka lenzi iwe sawa na macho ya mwanasesere wako. Kama mwanasesere ana sentimita 6, lenzi iwe sentimita 5 kutoka mezani. Simu nyingi zina lenzi pembeni ya juu, kwa hiyo igeuze simu juu chini na lenzi itagusa meza. Picha utaigeuza baadaye.

La pili ni ukungu wa nyuma. Jicho limezoea kwamba kitu kinachotazamwa kwa karibu sana huwa na nyuma iliyofifia, kwa hiyo ukungu hutangaza udogo. Mlima halisi uko wazi kuanzia chini hadi kileleni. Zima ile namna ya picha za uso inayofifisha nyuma, rudi nyuma hadi sentimita 40 au 60, halafu ukate kingo baadaye. Ukiisogeza simu hadi sentimita 10, nyuma itafifia tu, na baadhi ya simu hata hazitashika fokasi. Mwenye kamera kubwa apunguze tundu la lenzi hadi f/11 au f/16 na aiweke juu ya kitu kisichotikisika, maana shata itakwenda polepole.

La tatu ni chembe. Kila kitu kina chembe zake, na chembe hazidanganyi. Sukari haiwezi kuwa mchanga wa mwanasesere wa sentimita 3, maana kila punje ni kubwa kama ngumi yake. Unga wa mahindi unafaa kwa mchanga, majani chai kwa udongo mweusi, mchele au ndengu kwa kokoto. Vishada vya dania huwa miti ya mbali, na majani machanga ya sukuma wiki huwa msitu mnene kama wa Kakamega. Kwa mawe ya mtindo wa Kit Mikayi, ile miamba iliyopandana karibu na Kisumu, chukua mawe ya kweli ya sentimita 8 hadi 12 yenye nyufa, uyapandanishe na kuyashikilia kwa donge la unga wa ngano uliokandwa, ukilificha upande wa nyuma. Maji na moto ndivyo vitu vigumu zaidi: tone halikubali kupungua, na mwali wa mshumaa utabaki mwali wa mshumaa. Ziwa lifanye kwa kioo au nailoni angavu, na moto uufanye kwa karatasi ya rangi ya chungwa yenye tochi nyuma yake.

Dirisha lipi, na saa ngapi?

Maelekezo mengi ya Ulaya husema utumie dirisha la kaskazini kwa sababu halipigwi na jua. Kwetu hapa karibu na ikweta hayafai: dirisha la kaskazini hupata jua katikati ya mwaka, na la kusini hupata mwishoni mwa mwaka. Fuata utaratibu mwingine. Asubuhi tumia dirisha la magharibi, alasiri tumia la mashariki, na utakuwa na mwanga laini mwaka mzima. Ukitaka vivuli vikali na miale, fanya kinyume.

Kisumu jua huchomoza kati ya saa 12:20 na 12:55 asubuhi, na kutua kati ya saa 12:25 na saa 1 jioni. Hushuka karibu wima, kwa hiyo ule mwanga wa dhahabu haukai: hesabu dakika 25 hivi za mwisho. Panga kila kitu kabla, ujaribu, ufunge fokasi, kisha usubiri. Anayeanza kupanga jua likiwa tayari limegeuka jekundu atapiga picha gizani.

Nyumba yangu ni ya mabati, dirisha ni dogo, na picha zote zina rangi ya ajabu.

Tumia mlango. Mlango ulio wazi ni dirisha kubwa kuliko yote uliyo nayo. Weka meza mita moja ndani ya mlango, ubavu wake ukielekea nje. Upande wa giza simamisha karatasi nyeupe ya manila, sentimita 30 kutoka kwenye kitu, irudishe mwanga. Ukitaka mrudisho mkali zaidi, bandika foili ya jikoni juu ya katoni, lakini ikunjekunje kwanza ili isitupe madoa ya mwanga. Jua likiingia moja kwa moja, ning'iniza neti nyeupe ya mbu iliyokunjwa mara mbili.

Rangi ya ajabu hutoka kwenye pazia, ukuta na udongo. Pazia la kijani hufanya uso wa kijani. Ua wa udongo mwekundu hupaka wekundu chini ya kidevu. Funga pazia pembeni, funika ukuta wa karibu kwa shuka jeupe, na uzime balbu, kwa sababu mwanga wa balbu ya njano ukichanganyika na wa mchana hakuna namna ya kurekebisha vyote viwili kwa pamoja.

Mbona kuna mistari myeusi kwenye picha nilizopiga kwa balbu?

Stima ya Kenya ni ya hezi 50, na balbu nyingi za LED za bei nafuu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini shata ya haraka inaona. Weka kasi ya shata kuwa 1/50 au 1/100 na mistari itaondoka. Kama simu haikuruhusu, tumia tochi yenye betri au mwanga wa dirisha.

Nitapataje mvua, ukungu na theluji?

Mvua: changanya glisirini ya dukani na maji kwa kiasi sawa, tia kwenye chupa ya kupulizia, na upulizie kipande cha kioo kutoka sentimita 30 au 40. Maji matupu hutiririka baada ya sekunde chache, lakini mchanganyiko huu hukaa. Simamisha mandhari sentimita 50 nyuma ya kioo na ufunge fokasi kwenye matone. Ila kama ni Kisumu na mawingu ya alasiri yameshajikusanya, subiri mvua yenyewe ipige dirisha.

Ukungu: mvuke wa sufuria ya maji ya moto huonekana tu ukiwa na mwanga kutoka nyuma na kitu cheusi nyuma yake. Ukimulikwa kutoka mbele hupotea. Hewa baridi husaidia, ndiyo maana asubuhi ya Nakuru hutoa ukungu mnene kuliko mchana wa Kisumu kwa sufuria ileile. Moshi wa ubani hukaa hewani muda mrefu zaidi, ila fungua dirisha kila baada ya picha chache.

Theluji: chekecha unga wa ngano kwa chujio kutoka urefu wa sentimita 30. Kamera itaifanya theluji iwe ya kijivu, kwa sababu hudhani weupe mwingi ni mwanga uliozidi. Pandisha mwangaza kwa 0.7 hadi 1 kwenye kipimo chenye alama ya +/-. Theluji inayoanguka ifanye kwa nazi iliyokunwa na kukaushwa, kwani unga ukirushwa huwa ukungu tu.

Sayari za mafuta zinafanywaje?

Bakuli la kioo lenye kitako bapa, maji kina cha sentimita 2, na vijiko viwili vya mafuta ya kupikia. Lipandishe bakuli juu ya mirundo miwili ya vitabu, sentimita 20 kutoka mezani, na chini yake tandaza leso yenye rangi nyingi. Mulika leso, usimulike bakuli. Kila tone la mafuta hufanya kazi ya lenzi na kubeba rangi zake. Funga fokasi kwenye ukingo wa tone. Ukitaka sayari ndogo nyingi, tia tone moja la sabuni ya vyombo na ukoroge kwa kijiti, lakini usizidishe: sabuni nyingi huleta povu, na inabidi uanze upya. Leso ikionekana wazi na maua yake, bakuli liko chini mno.

Naweza kujenga ziwa la flamingo kama Nakuru?

Ndiyo, na hapa vipimo ndivyo vinavyofanya kazi. Kwaruza bitiruti moja, uichemshe kwa vikombe viwili vya maji dakika 15, chuja, tia kijiko cha siki ili rangi ishike, kisha chovya pamba au tishu na uikaushe kivulini. Jua huigeuza rangi hiyo kuwa ya kahawia. Miguu ni waya mwembamba uliosimikwa kwenye vidonge vya plastisini. Ncha ya mdomo ipakwe wino mweusi, bila hiyo ndege anafanana na bata.

Tengeneza ukubwa wa aina tatu: sentimita 8, 5 na 3. Wakubwa mbele, wadogo nyuma kabisa, na sinia ya sentimita 45 itaonekana kama ufuo mrefu. Sinia iwe nyeusi au itandikwe nailoni nyeusi, maji kina cha sentimita 1, maana sakafu nyeusi hairudishi mwanga kutoka chini na taswira ya ndege hubaki safi juu ya maji. Nyuma ning'iniza neti. Subiri maji yatulie kabisa kabla ya kubonyeza, na utumie kipima muda, kwa sababu hata mguu wako ukisogea sakafuni maji hutikisika.

Mtoto ndani ya kikombe: nifanye hesabu gani?

Gawa urefu kwa umbali. Kikombe cha sentimita 12 kilicho sentimita 40 kutoka kwenye lenzi kitalingana kabisa na mtoto wa sentimita 120 aliyesimama mita 4. Akirudi hadi mita 8 ataonekana kama ana sentimita 6, nusu ya kikombe. Weka kikombe juu ya stuli uani na simu nyuma yake, ukishusha au kupandisha simu mpaka ukingo wa kikombe umkate mtoto kifuani. Mwambie ainue mikono kana kwamba ameshika ukingo.

Wote wawili wawe kwenye jua au wote kivulini, la sivyo uongo unaonekana mara moja. Kama kikombe kiko wazi na mtoto amefifia, rudisha kila kitu nyuma kwa uwiano uleule: kikombe sentimita 80, mtoto mita 16.

Na mtu anayeelea hewani?

Simu isisogee hata kidogo. Piga picha ya kwanza ya chumba kitupu. Piga ya pili mtu akiwa amelalia tumbo juu ya stuli, miguu na kichwa vimeinuliwa. Katika programu ya kuhariri yenye matabaka, weka ya pili juu ya ya kwanza na ufute stuli. Makosa ni yaleyale kila mara: kivuli cha stuli kimesahaulika sakafuni, nguo imebanwa tumboni na inaonyesha alikuwa amelalia kitu, au wingu limepita kati ya picha mbili na mwangaza haulingani. Dawa ya nguo ni leso ndefu inayoning'inia na kuficha ukingo wa stuli. Dawa ya wingu ni kufunga mwangaza na kupiga picha hizo mbili zikifuatana mara moja.

Kuandika hewani kwa tochi je?

Subiri usiku, au stima ikipotea. ISO 100, shata sekunde 10, na kwenye kamera kubwa f/8. Anayeandika avae nguo nyeusi, aelekeze tochi kwenye kamera na asisimame mahali pamoja. Herufi zitatoka kinyume, kwa hiyo igeuze picha kushoto kulia wakati wa kuhariri. Kwenye simu mistari ikiungua na kuwa myeupe tupu, funika tochi kwa tishu mbili na karatasi angavu ya rangi ya kufungia zawadi.

Nataka taa za nyuma ziwe na umbo la moyo.

Hii ni kazi ya kamera kubwa. Kwa lenzi ya milimita 50 ya f/1.8, kata moyo wa milimita 15 katikati ya karatasi nyeusi na uifunge mbele ya lenzi. Kwenye simu tundu la lenzi ni dogo mno.

Kuna hatari gani za kuangalia?

Unga uliorushwa hewani hulipuka ukikutana na moto. Zima jiko, gesi na mishumaa kabla ya kurusha hata konzi moja. Neti na leso hushika moto haraka, kwa hiyo tumia tochi mahali pa mshumaa kila unapoweza. Usiwashe jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa ili kupata moshi: hewa yake ya sumu haina harufu na huua. Waya wa chaja ukae mbali na beseni. Kuzungusha sufi ya chuma inayowaka, kama inavyoonekana mtandaoni, si kazi ya nyumbani hata kidogo.

Nikimtumia mtu kwa WhatsApp picha inaharibika. Na nikitaka kuichapisha?

WhatsApp huibana picha. Itume kama dokumenti na itafika kama ilivyo. Kwa picha ya inchi 6 kwa 4 unahitaji pikseli 1800 kwa 1200, na kwa A4 ni 3508 kwa 2480, kwa hiyo usikate kingo kupita kiasi. Kama kuna mtoto wa jirani pichani, mwombe mzazi wake ruhusa kabla ya kuiweka mtandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaitaka ridhaa ya mzazi.

Chakula kilichotumika bado kinalika?

Omena waliolala juu ya kitambaa safi wanalika: waoshe kwa maji ya moto kama kawaida na wapike siku hiyohiyo. Dania na sukuma wiki vivyo hivyo, kama havikuguswa na gundi wala glisirini. Unga uliomwagika sakafuni na mafuta yenye sabuni usivirudishe jikoni. Kwa hiyo tandaza karatasi safi chini kabla ya kuchekecha, na karibu unga wote utarudi kwenye kopo.